Kiu ya Mama Mjamzito Kazini: Mwongozo kwa Wafanyakazi na Wasimamizi wa Fizi na Baraka

Mwongozo huu unawahusu akina mama wenye mimba wanaolima mihogo, wanaoanika ndagala kando ya Ziwa Tanganyika, wanaouza sokoni, wanaofundisha na wanaohudumia wagonjwa. Unawahusu pia wakuu wa shule, viongozi wa vyama vya wakulima na yeyote aliye na mama mjamzito chini ya usimamizi wake.

Mimba huleta kiu. Damu ya mama huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na mwili wake huanza kudai maji mapema kuliko zamani. Basi mama anayechukua kikombe kila mara asichekwe wala asihesabiwe kuwa mvivu. Kwa siku anahitaji kunywa lita 2 na zaidi kidogo, na kiasi hicho kinaongezeka akishinda juani au akitapika. Njia rahisi ya kupima ni chupa ya lita 1.5: ya kwanza imalizike kazini, na nusu ya chupa ya pili inywewe nyumbani kabla ya kulala. Atazame mkojo pia. Ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa mzito kama chai kavu, amechelewa kunywa. Chai yenyewe asiinywe pamoja na vidonge vya chuma anavyopewa kwenye kliniki ya wajawazito (CPN), maana huvipunguzia nguvu.

Tuseme wazi jambo linalofichwa: wengi hawanywi kwa sababu hakuna choo. Mwalimu huacha chupa yake nyumbani kwa kuwa choo cha shule hakina mlango. Muuza samaki hujizuia tangu alfajiri hadi meza iishe. Kubana mkojo na kukosa maji huzidisha hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mjamzito maambukizi hayo yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Msimamizi anayehimiza watu wanywe maji huku choo kimefungwa kwa kufuli hajasaidia kitu. Choo kiwe na mlango, na ruhusa ya kwenda isiombwe mbele ya wanaume.

Shambani taabu ni ya namna nyingine. Mama anaondoka na jembe begani, anarudi na kuni na mihogo kichwani. Chupa ya maji anaiona ni mzigo juu ya mzigo. Hapo wenzake wambebee. Kazi ya jua kali aifanye asubuhi, na saa za mchana akae kivulini akimenya mihogo.

Maji yenyewe yanaweza kuua. Baraka na Fizi zimeishi na kipindupindu miaka mingi, na maji ya ziwa hata yakionekana safi hayanywewi yalivyo. Penye kituo cha klorini ufukweni, mhudumu huvuta dawa kwa sindano, huitia katika bidoni ya lita 20 na kumwambia mama asubiri nusu saa. Asubiri kweli, kwa kuwa dawa isipopata muda wake haijafanya kazi. Maji ya tope yatulizwe na kuchujwa kwa kitambaa kwanza. Anayechemsha aache yatokote kwa nguvu dakika 1. Huko Minembwe na nyanda za juu zinazopita mita 2,000, dakika 3. Makaa yakikosekana, chupa angavu ya maji maangavu ilazwe juu ya bati juani saa 6, au siku 2 nzima kukiwa na mawingu.

Mjamzito akianza kuhara maji maji, safari ya kituo cha afya ianze saa ileile, kwani kipindupindu kinaweza kumtoa mtoto tumboni, hasa miezi ya mwisho. Njiani anywe maji ya chumvi na sukari: pakiti 1 iliyotayarishwa katika lita 1 ya maji salama, au katika lita hiyohiyo vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Kiu isiyokatika, inayomwamsha usiku pamoja na mkojo mwingi na uchovu, ni sababu ya kuomba apimwe sukari. Uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma au macho yakiona ukungu, asipunguze maji akidhani ndiyo yanayomvimbisha. Aende kwa muuguzi siku hiyohiyo. Aende pia ikiwa kila anachokunywa anakitapika.

Wasimamizi waanze wiki hii: bidoni moja yenye kifuniko na bomba, iwekwe kivulini, ioshwe kila Jumamosi, na mtu mmoja ajulikane kwa jina kuwa ndiye anayeijaza.