SOMO: SENG'ENGE IKIJA, NANI ATABAKI NJE?

Somo la mara hii ni juu ya ardhi na makampuni. Lisomwe kwa sauti kwenye mkutano, na mmoja awafasirie kwa Kiturkana wale wasiosoma.

TUONE

Siku hizi tunasikia habari za "eneo maalumu la kiuchumi". Hicho ni kipande cha ardhi kilichotengwa kwa ajili ya makampuni. Kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2015, makampuni yaliyo ndani yake hupunguziwa kodi ili yajenge viwanda na kuajiri watu. Jambo lenyewe si baya. Shida ni seng'enge: ndani kuna taa, maji na mshahara, nje kuna vumbi, na mama anayechimba maji kwenye laga.

Sisi wa Turkana hatuhitaji kungoja eneo kama hilo ndipo tujue. Tumeonja kwa mafuta. Machi 2012 kampuni ya Tullow ilitangaza kwamba imepata mafuta katika kisima cha Ngamia 1, upande wa Lokichar, kusini mwa Lodwar. Basi, aliyekuwa na gari akalikodisha. Mwenye ploti akajenga nyumba za kupangisha. Aliyejua njia za tenda akapata tenda. Na mchungaji wa mbuzi je? Yeye alipata kuzunguka seng'enge akitafuta malisho, na kijana wake, kama alibahatika, akapata kibarua cha miezi michache.

Oktoba 2013 wananchi waliandamana wakidai kazi na tenda, hata kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda. Juni 2018 malori ya kwanza ya mafuta yaliondoka kwenda Mombasa, na mwezi huo huo watu wakafunga barabara. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikaenda ng'ambo. Mwaka 2023 makampuni mawili wenzake yakajitoa, na mwaka 2025 Tullow ikauza mali yake ya Kenya kwa Gulf Energy. Kampuni inaweza kuuza na kwenda zake. Sisi na mbuzi wetu tuko hapa hapa.

TUTAFAKARI

Kwa nini watu walifunga barabara? Mtu asiye na karatasi mkononi hana pa kushika ila barabara. Sheria ya mafuta inayoigawia jamii asilimia 5, kaunti 20 na serikali kuu 75 ilipitishwa mwaka 2019, yaani miaka 7 baada ya kisima. Mapatano yalikuja nyuma ya mashine.

Sasa tutazame Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianza mwaka 1992. Makazi ya Kalobeyei yalipopangwa mwaka 2015, ilisemwa tangu mwanzo kwamba shule, zahanati na soko vitawahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Malalamiko bado yapo. Lakini mwenyeji anayelalamika ana neno la kushika: "Hili tuliahidiwa."

Someni pia habari za Nabothi, 1 Wafalme sura ya 21. Mfalme hakulipata shamba lile ila kwa mashahidi wa uongo. Kwetu shahidi wa uongo ni nani? Je, si pengine ni mtu wetu wenyewe, aliyetia sahihi peke yake hotelini?

TUTENDE

1. Tuandikishe ardhi ya jamii kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Ardhi isiyoandikishwa inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yetu. Hata fidia ikilipwa, hukaa huko mpaka jamii iandikishwe.

2. Mkutano wa jamii uchague kamati ya watu 7 hadi 15. Akina mama na vijana wawemo. Walio mbali na mifugo wapelekewe habari mapema. Tusiitishe mkutano wakati adakar imehamia malisho.

3. Mwekezaji akija, sheria inataka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii wakubali mkutanoni. Sahihi ya mzee mmoja, au ya mwenyekiti peke yake, haitoshi.

4. Mapatano yaandikwe: fidia ni kiasi gani, madhara yatapunguzwaje, watu wetu watafundishwa kazi gani, na nani atairudisha ardhi katika hali nzuri kampuni ikiondoka.

MASWALI YA KIKUNDI

- Ardhi yetu imeandikishwa? Kama bado, nani atakwenda kuuliza kwenye ofisi ya ardhi Lodwar, na siku gani?
- Nani katika kijiji chetu hakuitwa kwenye mkutano uliopita? Kwa nini?
- Kampuni ikija kesho, tutaomba vibarua tu, au tuna mengine?

Msimalize mkutano kabla ya kujibu swali la kwanza kwa jina la mtu na siku. Bwana awabariki.