Kabla Hujamlipia Mjusi wa Kwenye Sanduku

Mdogo wangu wa Des Moines, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nililazimika kuiweka chini kidogo. Mwanao ametimiza miaka tisa, ukamnunulia mjusi chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi, kutoka kwa mfugaji wa Florida. Mfugaji akamtuma Jumatano, katikati ya Januari. Alhamisi saa nne asubuhi dereva akagonga mlango, wewe uko zamu, mtoto yuko shule. Sanduku likarudi garini, likazungushwa na baridi ya Iowa mchana kutwa, likaletwa tena Ijumaa. Mlipofungua, mjusi alikuwa amekufa. Jumamosi ukamwandikia muuzaji, naye akakujibu kwamba muda wa kulalamika umeshapita. Unaniuliza kosa ni la nani.

Ni lenu nyote wawili, wewe na mfugaji. Najua silo jibu ulilolitaka, lakini nikikuficha leo, kesho utanunua mwingine na yatatokea yaleyale.

Kuku ukimtia kwenye tenga akapandishwa basi usiku, atajikunyata na mwili wake utajitengenezea joto. Mjusi hawezi. Yeye, nyoka, kobe na kinyonga hupata joto kutoka kwa kilichowazunguka. Sanduku likipoa, wanapoa nalo. Ndiyo maana muuzaji na mnunuzi wa viumbe hawa hubeba dhamana ambayo muuza viatu hana. Yeyote kati yenu akizembea saa mbili tu, mwenye kulipa ni yule aliye ndani ya sanduku.

Tuanze na mfugaji wako. Mtu makini hatumi mnyama bila kutazama hali ya hewa ya mahali patatu: kwake, kwako, na pale mzigo unapolala njiani. Mizigo mingi ya FedEx ya usiku mmoja hupitia Memphis, ya UPS hupitia Louisville, na huko sanduku hupakuliwa na kupakiwa tena usiku wa manane. Wafugaji wengi hawatumi kukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, au joto la juu ya nyuzi 90. Hutuma Jumatatu hadi Jumatano, ili mzigo ukichelewa siku moja usiangukie wikendi. Wako alituma Jumatano, sawa, lakini Iowa ya Januari? Alipaswa kukuambia, "Dada, tungoje," au akatae kabisa kutuma hadi mlangoni, badala yake alipeleke sanduku kwenye kituo cha kampuni ukalichukue mwenyewe. Kituoni sanduku hukaa ndani, penye joto. Garini hakuna joto hilo.

Kufungasha nako kuna ufundi wake, na hapa nina langu la kusimulia. Miaka michache iliyopita, hapa Minneapolis, nilimpokelea mwanangu mjusi wa aina hiyohiyo. Kwa nje sanduku lilikuwa zuri, na ndani limezungushiwa foamu. Katikati palikuwa na kikopo cha plastiki chenye matundu na taulo ya karatasi yenye unyevu, mjusi kajikunja humo kama mkufu. Chini ya mfuniko palibandikwa pakiti ya joto. Nikaigusa: baridi, ngumu kama tofali. Muuzaji alikuwa ameizungushia mkanda wa gundi pande zote. Pakiti zile zina unga wa chuma unaopata moto kwa kukutana na hewa; ukiziziba, zinazimika. Mtu alinunua kifaa sahihi, akakibandika mahali sahihi, halafu akakinyonga kwa mkanda.

Mwanangu alitaka tumweke mjusi chini ya taa ya joto mara moja. Nilimkataza, kwa kuwa mnyama aliyepoa hivyo hapashwi joto ghafla. Tulikiacha kikopo juu ya meza, katika joto la kawaida la chumba, tukakaa tunakitazama. Baada ya muda mrefu mguu mmoja ulisogea. Kisha akatoa ulimi, akalamba jicho lake. Mwanangu alilia, nami pia. Yule mjusi angali hai, na mkia wake mnene kama kidole gumba, maana humo ndimo wanamoweka akiba ya mafuta.

Muuzaji ana wajibu mwingine ambao mnunuzi hauoni. Mnyama asilishwe siku chache kabla ya safari. Nyoka ndiye hasa, kwani akisafiri na tumbo lililojaa hutapika, na matapishi ndani ya sanduku lililofungwa ni hatari. Halafu aandike ukweli juu ya sanduku. FedEx haipokei wanyama kutoka kwa mtu yeyote tu. Mfugaji ama awe na idhini yao, ama anunue kibandiko kupitia kampuni ya kati kama ShipYourReptiles. Posta ya Marekani inakubali mijusi wadogo wasio na madhara, lakini nyoka na kobe imepiga marufuku. Anayeficha nyoka na kuandika kwamba ni vitu vya nyumbani anamnyima dereva nafasi ya kujua kwamba mzigo huu hauachwi barazani. Ukisikia muuzaji anajisifu kwamba ana ujanja wa kupitisha, mwache na nyoka wake.

Sasa wewe, mdogo wangu. Ulijua una zamu Alhamisi. Namba ya kufuatilia mzigo ulikuwa nayo tangu Jumatano jioni. Ungeweza kuomba sanduku lizuiliwe kituoni, au ukamwomba jirani apokee. Na yale masharti aliyokutumia mfugaji kabla ya kulipa, uliyasoma? Wauzaji wengi wanaahidi mnyama kufika hai, lakini ahadi hiyo ina mipaka: dereva apokelewe mara ya kwanza, na mnyama akiwa amekufa, picha zitumwe ndani ya saa moja au mbili tangu mzigo ukabidhiwe. Mara nyingi gharama ya usafiri hairudishwi. Bima ya msafirishaji usiitegemee kwa kiumbe hai. Masharti hayo hayakuwekwa ili wakudhulumu. Muuzaji aliye maili 1,000 kutoka kwako hana njia ya kujua kama mnyama alifia njiani au alifia mikononi mwako, isipokuwa picha yenye saa.

Kwa hiyo sanduku likifika, fungua palepale, simu ikiwa inarekodi. Akiwa hai, mwingize kwenye tanki ulilolitayarisha tangu jana, lenye maji, joto na mahali pa kujificha, kisha umwache. Asishikwe, asipigwe picha na wageni, asilazimishwe kula siku ile. Kama mna mwingine, wawekeni mbalimbali mwezi mzima au zaidi, kila mmoja na chombo chake cha maji. Na mikono ioshwe kila mara, kwa sababu viumbe hawa hubeba vijidudu vya ugonjwa wa salmonela hata wakiwa wazima kabisa. Ni kwa ajili ya ugonjwa huo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wa kufuga wenye gamba lisilofika inchi nne. Watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mimi nasema ingojee.

Kuhusu sheria, kila upande uchunguze kwake. Hawaii hairuhusu nyoka wa kufuga wa aina yoyote. Georgia inakataza kufuga nyoka wa asili ya pale asiye na sumu, hata yule nyoka wa mahindi mpole anayeuzwa kila mahali kwingine. Na sheria ya Lacey ya mwaka 1900 inafanya jambo liwe la serikali kuu pale mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria anapovushwa mpaka wa jimbo. Mkataba wa nyumba yako pia usome, maana fleti nyingi tunazopanga zina kifungu cha wanyama.

Kuna barua nyingine hapa mezani ambayo sitaijibu kwa urefu, ya kijana anayetaka mjomba wake wa Muheza amtumie kinyonga wa Usambara "kwenye begi la mtu anayekuja". Kaka, usithubutu. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016, na vinyonga wale wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Biashara hiyo huharibu hata misitu: kule Kimboza, Morogoro, wakamataji walikata miti ya mikadi ili kumtoa mjusi wa buluu anayeishi kwenye majani ya miti hiyo. Biashara ya kimataifa ya mjusi huyo aliyetolewa porini sasa imepigwa marufuku. Utamfunga mjomba wako, na kinyonga atafia begini.

Turudi kwako, mdogo wangu. Mwandikie tena mfugaji, kwa adabu. Kubali kwamba hukuwepo na kwamba ulichelewa kutoa taarifa. Kisha mwulize kwa nini alituma mlangoni katika baridi ile bila kukuuliza utakuwepo au la. Mwombe akupe mwingine kwa nusu bei, amtume Aprili, wewe ulipie usafiri, na sanduku lingoje kituoni. Mfugaji anayejali jina lake atakubali. Akikataa, umeshamjua.

Tanki la mwanao msiliondoe. Mwambie ukweli wote, pamoja na sehemu yako, na Aprili nenda naye mkalichukue sanduku pamoja. Barua ya mfugaji iandike leo jioni, kabla hujaingia zamu.