Kibri cha Rai katika Mashauri ya Hisa

Mtume (s.a.w.) alipoulizwa habari za kibri, alibainisha kuwa si kupenda nguo nzuri wala viatu vizuri, kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Wengi hudhani maradhi haya ni ya wafalme na matajiri tu. Walakini humwingia hata mwenye hisa moja ya kampuni, akaapo na wenziwe kushauriana juu ya mali.

Mfano wake waonekana katika habari za dhahabu ya Shinyanga. Kampuni ya Acacia ilikuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi katika nchi ya Kahama, na wa North Mara kule Tarime. Hisa zake zikiuzwa katika soko la London. Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia mchanga wa madini usipelekwe ng'ambo, na Julai kampuni ikadaiwa kodi, pamoja na adhabu na riba, kiasi cha dola bilioni 190. Kampuni ikakanusha. Bei ya hisa ikaporomoka, na Septemba kazi ya Bulyanhulu ikapunguzwa.

Katika hali kama hiyo mashauri hugeuka ugomvi. Aliyenunua kwa bei ya juu haoni ila sababu za kupanda. Aliyekwisha kuuza haoni ila sababu za kuanguka. Kila mmoja hudhani aitetea haki, kumbe aitetea biashara aliyokwisha kuifanya. Akipingwa huona ametukanwa, naye hurudisha tusi badala ya hoja.

Na mwisho ulikuwaje? Mwaka 2019 kampuni ya Barrick, iliyokuwa na sehemu kubwa ya Acacia, ilizinunua hisa zilizobaki, baada ya bei yake ya kwanza kukataliwa na kuongezwa. Oktoba ikapatana na Serikali: zilipwe dola milioni 300, na Serikali ipate asilimia 16 katika migodi. Basi mwenye kuapa kuwa mali yote itapotea angalikosa, na mwenye kuapa kuwa kampuni itarudi kama zamani angalikosa vile vile. Aliye London husoma hesabu wala haoni mgodi. Aliye Kahama huuona mgodi wala hesabu hazimfikii. Amdharauye mwenziwe hujinyima nusu ya ilimu.

Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, Hubab bin Mundhir hakuridhika na mahali jeshi liliposhuka. Hakuanza kwa kukosoa. Aliuliza kwanza kama pale pameamriwa na Mwenyiezi Mungu, au ni rai ya vita. Alipojibiwa kuwa ni rai, akashauri wasogee hata kisima kilicho karibu zaidi na adui. Mtume (s.a.w.) akaikubali rai yake. Ikiwa yeye alihama mahali alipokwisha kushuka, mwenye hisa ana udhuru gani wa kuing'ang'ania rai yake?

Basi mwenye kushauriana juu ya mali yampasa mambo matatu. Kwanza, aseme wazi kama anayo hisa katika kile anachokisifu au kukilaumu. Pili, aulize kabla ya kupinga, na aijibu hoja, asimshambulie mwenye hoja. Tatu, haki ikidhihiri, aikiri mbele ya watu wale wale aliobishana nao.

Hasara ya mali yaweza kufidiwa kwa biashara nyengine. Bali ndugu aliyevunjiwa heshima mbele ya watu, dhahabu yote ya Geita haimfidii.

Wabillahi tawfiq.