ABSALOMU LANGONI: "WEWE NI WA MJI GANI?"

Somo la wiki
Andiko: 2 Samweli 15:1-12; 18:6-8; 19:41 hadi 20:2

Kwa wale waliokuwa safarini au zamu za usiku, huu ndio muhtasari wa somo la Jumapili. Tafadhali soma andiko kwanza, sura zote, ndipo urudi kwenye karatasi hii.

Absalomu anaanza kampeni yake kwa msafara. Gari la vita, farasi, na watu hamsini wanaokimbia mbele yake. Ingekuwa hapa Voi tungesema bodaboda hamsini zimetangulia zikipiga honi kutoka stendi mpaka Mwakingali. Na wakati huo hana cheo chochote! Ni mtoto wa mfalme tu, aliyerudishwa kutoka uhamishoni kwa huruma ya baba yake.

Halafu anaamka mapema. Hapa tumpe sifa yake, si mvivu. Anasimama kando ya njia ya lango, mahali wananchi walipopita wakipeleka kesi zao kwa mfalme. Mtu akifika, Absalomu anamwita. Sasa angalia swali lake la kwanza. Hamwulizi ana shida gani. Anamwuliza ametoka mji gani. Na yule mtu, maskini, anajibu kwa kutaja kabila lake katika Israeli.

Akishajua kabila, anamwambia kesi yake ni nzuri na ya haki, ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Jamani, kila kesi ina pande mbili. Absalomu hakuita upande wa pili, hakuuliza shahidi. Asubuhi mlalamikaji anaambiwa ana haki. Mchana mlalamikiwa wa kesi ile ile akipita, naye anaambiwa ana haki. Wote wawili wanaondoka wakijua kitu kimoja: kuna mtu huko juu anayewaonea, na kuna mtu hapa chini anayewapenda. Mwisho busu kwa kila mmoja. Ndivyo alivyoiba mioyo, Biblia inatumia neno la wizi.

Ndugu mmoja aliuliza swali zuri baada ya ibada: je, Absalomu alikuwa anadanganya? Mchungaji, watu hawana shida kweli? Wanazo. Tuwe wakweli kuhusu kaunti yetu. Zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga za Tsavo. Maji ya Mzima yanapita kwenye bomba kwenda Mombasa, na akina mama hapa wanapanga mitungi. Tembo wanamaliza mahindi usiku mmoja. Kuna familia zimezaliwa na kuzikana kando ya mashamba ya mkonge bila hati. Hata Absalomu mwenyewe alikuwa na kidonda cha kweli. Dada yake Tamari alidhulumiwa, na mfalme Daudi akakasirika tu asifanye kitu (sura ya 13). Kwa hiyo usimjibu mtu mwenye shida kwamba hana shida.

Lakini soma mbele, kisha uniambie ni kesi ya nani Absalomu aliamua alipoingia Yerusalemu. Hakuna hata moja. Wale watu wa langoni, na kesi zao nzuri za haki, hawatajwi tena. Tunachoonyeshwa ni vikao vya vita, halafu msitu wa Efraimu na maiti 20,000. Na kuna mstari unaonihuzunisha kila mara, 15:11. Watu 200 walialikwa kutoka Yerusalemu, wakaenda kwa unyofu wao, hawajui lolote. Walidhani wanakwenda kwenye sadaka.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Neno lililotumika lilikuwa "wabara". Watu zaidi ya 100 waliuawa, na takriban 100,000 walikimbia makwao, wengine kwa barabara hii hii inayopita Voi. Miaka kumi baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini. Na tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa ndani. Lilikuwa kanisa la Kenya Assemblies of God. Wapentekoste kama sisi. Ukuta wa mabati na udongo, benchi kama zetu.

Moto ule haukuanza na kiberiti. Ulianza na maneno, miaka mingi nyuma. Huko Bonde la Ufa watu waliitwa "madoadoa", na doa, mama yeyote anayefua anajua linafanywa nini. Mwezi Aprili 2022 Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki yaliyokuwa yakitumika kwenye kampeni. "Madoadoa" limo. "Mende" limo, na tunajua Rwanda 1994 waliitwa nini kabla ya mapanga. Na mawili tunayajua vizuri sisi watu wa Pwani: "wakuja", na "wabara waende kwao". Sheria ya mwaka 2008 inasema matamshi ya chuki ni faini mpaka shilingi milioni moja, au kifungo mpaka miaka mitatu. Lakini sijaleta somo hili kwa sababu ya polisi.

Nimelileta kwa sababu ya ndugu mmoja wa kanisa hili. Baba yake alikuja Voi kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa hapa. Tulipoezeka kanisa, mabati ya upande wa kushoto aliyapanda yeye. Mwaka 2022 alikwenda kwenye mkutano wa kampeni, kusikiliza tu. Aliyeshika kipaza sauti akasema kura za hapa zisiamuliwe na wakuja, wafungashe. Watu wakapiga makofi. Ndugu yetu akaja ibada Jumapili tatu akikaa nyuma kabisa, kisha hakuonekana. Wazee walipomtembelea aliwaambia hivi: "Mwanasiasa hakuniumiza, ndiyo kazi yake. Niliumia kwa waliopiga makofi. Wanne nawajua kwa majina. Tunashiriki meza moja ya Bwana."

Sisi watu wa Voi methali ya tembo na nyasi hatuhitaji kufafanuliwa, tembo tunawaona kwa macho. Ila nyasi haziwapigii tembo makofi.

Na mtu asidhani huu ni ugonjwa wa makabila ya Afrika. Marekani mwaka 1960 watu waliulizwa kama wangechukia mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine. Hata watano kwa mia hawakuzidi. Mwaka 2010 swali kama hilo likaulizwa tena: karibu nusu ya Warepublican na theluthi ya Wademokrati wakasema wangechukia. Lugha ni moja, wengi wanakwenda kanisani, lakini posa inakataliwa kwa sababu ya chama. Tarehe 6 Januari 2021 waandamanaji wakavunja milango ya bunge lao, na baadhi walibeba mabango yenye jina la Yesu. Kumbe ukikosa kabila, siasa itakutengenezea moja. Hata sisi 2022 tuligawanywa kwa wilbaro, mahasla upande huu na watoto wa wakubwa upande ule.

Turudi kwa Absalomu, maana sehemu inayosahaulika ni baada ya kifo chake. Amekufa, vita vimekwisha, Daudi anarudi nyumbani. Je, Israeli wakapatana? Soma 19:41-43. Yuda na makabila mengine wanagombana pale pale mtoni, nani mwenye sehemu kubwa zaidi kwa mfalme. Kabla maneno hayajapoa, Sheba anapiga tarumbeta na kila mtu anaambiwa arudi hemani kwake. Baadaye, Daudi na Sulemani wote wamekwisha kuzikwa, kilio kile kile cha Sheba kinasikika tena katika 1 Wafalme 12:16, na safari hii ufalme unapasuka kabisa. Mwenye kampeni alikuwa kaburini muda mrefu. Kampeni yake ilikuwa hai.

Linganisha na wakubwa wetu. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa pande mbili tofauti mwaka 2007. Mwaka 2013 wakaingia Ikulu pamoja. Uhuru na Raila Odinga walivutana vikali 2017, na Machi 2018 wakafanya handisheki. Raila na Ruto walishindana 2022; Machi 2025 wakatia sahihi makubaliano. Siwalaumu kwa kupatana, kupatana ni neno la injili. Ninachouliza ni hiki: wao wamepatana mara tatu, wewe na jirani yako wa kibandani mmepatana mara ngapi?

Wazee wamekubaliana mambo machache kuelekea uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Mgombea akija ibadani atakaribishwa na kuombewa kama mgeni mwingine yeyote, lakini hatapewa kipaza sauti, hata akileta bahasha. Kanisa la Kianglikana lilifanya hivyo Butere Septemba 2021, wakubwa wakiwa wameketi mbele, na ibada iliendelea bila shida. Kwenye kikundi cha WhatsApp, video za kampeni zitaondolewa bila maelezo. Kura yako ni yako, zote sita, mpigie unayemtaka. Mwulize swali ambalo Absalomu hakuulizwa: mbona kila mtu unamwambia ana haki?

Yule ndugu alirudi Desemba mwaka ule. Watatu kati ya wale wanne walikwenda kwake, mmoja akalia. Wa nne anamsalimia kila Jumapili kana kwamba hakuna kitu. Karatasi hii inamfikia pia.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Absalomu alianza na mji wa mtu kabla ya shida yake? Umewahi kuulizwa hivyo, ofisini, hospitalini, au kwenye foleni ya basari? Ulijisikiaje?

2. Daudi alikosea wapi hata lango likabaki wazi kwa Absalomu? (Soma 13:21.) Ni malalamiko gani ya kweli katika ushirika wetu ambayo hakuna anayeyasikiliza?

3. Ni neno gani umewahi kulisema au kulicheka ambalo ungeona aibu kulirudia mbele ya mtu anayeketi karibu nawe leo jioni? Msijibu haraka. Atakayehitaji kutoka nje na mwenzake wazungumze wawili, mruhusuni.

Wiki ijayo: Mefiboshethi na Ziba, 2 Samweli 16:1-4 na 19:24-30. Mje mmesoma.