Kubali Kuwa Mgeni

Mdogo wangu, sogea hapa tuongee kabla Desemba haijatukamata. Hali yako naijua. Uko Kampala, mwaka wa kwanza au wa pili. Mumeo ni mwinjilisti aliyetumwa kutoka nyumbani, na wewe ni mwalimu wa shule ya Jumapili, mpishi wa wageni, mshauri wa akina mama na mama wa watoto watatu, vyote kwa siku moja. Kanisa liliwawekea mikono, likawasindikiza kwa nyimbo mpaka stendi, na tangu siku hiyo mnaitwa wamisionari. Sasa Krismasi inabisha hodi, na jana ulijikuta umesimama mbele ya sufuria ya wali machozi yanakutoka, halafu ukajiuliza kama imani yako imepungua.

Haijapungua. Umekumbuka kwenu tu.

Ngoja nikusimulie Krismasi yangu ya kwanza hapa, maana sipendi kukuonya kwa jambo ambalo mimi mwenyewe silijui. Kwetu ni Muheza, mkoa wa Tanga. Krismasi ya kwetu inanukia pilau na maganda ya machungwa, na majirani zetu Waislamu walikuwa wanakuja kula nasi kama sisi tulivyokula kwao siku ya Idi. Nikasema moyoni, hata Kampala itakuwa hivyohivyo, nitahakikisha. Nilishuka Owino, lile soko ambalo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, nikahangaika kutwa nzima kutafuta bizari nyembamba na iliki, nikanunua mchele na nyama ya mbuzi ya kulisha watu arobaini. Nilihesabu waumini wetu kwa vidole. Nilitaka wote waje wale kwangu, kwa sababu mmisionari ni mtu wa kutoa, au sivyo tulivyofundishwa?

Wiki mbili kabla, mama mwenye nyumba alikuwa amenigongea mlango. Tumwite Jjajja, yaani bibi, kwa kuwa ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Akasema familia yake inakwenda kijijini, upande wa Mityana, na gari lina nafasi yetu. Nikamjibu kwa upole mwingi, "Ahsante sana, lakini tuna huduma." Alinitazama kidogo, akaitikia, akaondoka.

Mdogo wangu, hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Kampala huhama Krismasi. Kuanzia tarehe 20 hivi nauli zinapanda, vituo vya mabasi vinajaa magunia na kuku waliofungwa miguu, na kila mtu anakwenda kyalo, kijijini kwao. Jiji ambalo huwa huwezi kuvuka barabara zake kwa wingi wa bodaboda linanyamaza kabisa. Siku ya Krismasi wakaja kwangu watu sita. Watu sita na pilau ya watu arobaini! Lakini si pilau iliyoniumiza. Alfajiri ya tarehe 24 binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka saba, alikaa barazani akiwatazama wajukuu wa Jjajja wakipakiwa kwenye gari, wengine wamebeba kuku, mmoja amekumbatia mkate mkubwa. Gari lilipoondoka akaingia ndani akaniuliza, "Mama, sisi kijiji chetu kiko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia akapige mswaki.

Ndiyo maana nakusemesha leo, tena nakusemesha kwa ukali kidogo, na ukali wangu ni wa dada. Ugonjwa wetu sisi tuliotumwa ni huu: tumezoea kutoa mpaka tumesahau kupokea. Tunajua kukaribisha, hatujui kukaribishwa. Mtu akitualika tunaona anatupotezea muda, au tunaona aibu kwenda mikono mitupu, au, tuseme ukweli, tunataka tubaki sisi wenye kisima na wao wenye kiu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asipofika, huyo mwenyeji atapona vipi? Ukimkatalia jirani yako kila anapokualika, unamnyima uponyaji wake, halafu unapanda mimbarini kumhubiria upendo.

Mwaka wa pili Jjajja aliuliza tena, na safari hii nilikubali. Nakumbuka jiko la kule kijijini kama nilikuwamo jana. Mabinti walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakimenya matooke, zile ndizi za kupika, kwa visu vifupi, utomvu umevifanya vidole vyao vyeusi. Jjajja mwenyewe alikuwa anashughulikia majani ya mgomba. Alichukua jani moja, akakwangua ule uti wa katikati mpaka ukalainika, akalipitisha juu ya moto kwa haraka, nalo likabadilika rangi, likawa linang'aa na kukunjika kama kitambaa. Akalitandika ndani ya bakuli, akaweka kipande cha kuku kilichokaushwa kwa moshi, akamimina mchuzi wa karanga, akakusanya ncha za jani, akazifunga kwa ukambaa wa mgomba. Hiyo ndiyo luwombo. Akafunga nyingine, na nyingine, kila mtu na yake. Alipofika kwenye majani madogo akamwita binti yangu, akamshika mikono, wakafunga pamoja. Luwombo ya binti yangu ilivuja kidogo. Jjajja akaipanga sufuriani pamoja na zile nyingine bila kuifungua wala kuirekebisha.

Wakati wa kula, firigisi alipewa mume wangu. Nikashtuka kwa furaha, kwa kuwa hata kwetu firigisi ni ya baba. Mtu unakwenda mbali, unakuta kuku anagawanywa vilevile.

Na kuna jambo jingine nililolijifunza siku ile, nalo linanigusa mpaka leo. Waganda wanaiita Krismasi Ssekukkulu. Litamke taratibu. Umelisikia? Ni sikukuu. Neno letu la pwani, lililopanda na misafara ya biashara mpaka huku kwenye vilima, kama lilivyopanda neno kitabu likawa ekitabo. Wewe ulidhani umefika ugenini peke yako, kumbe neno la mama yako lilikutangulia zamani, likakaribishwa, likavikwa kanzu ya Kiganda, likapewa nyumba. Halikung'ang'ania kutamkwa kama Muheza.

Usinielewe vibaya kuhusu lugha. Najua watoto wako wanachekwa shuleni kwa Kiswahili chao, na pengine mzee fulani sokoni alikukunjia uso ulipomsalimu. Vumilia, tena mwelewe. Kwa wengi wa rika lake hapa, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari aliyesimama kizuizini na bunduki. Mambo yanabadilika. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Lakini jeraha la mtu haliponi kwa waraka wa serikali. Jifunze salamu za Kiganda, zile ndefu, usizikatishe. Wakisema "tusanyuse okubalaba," tumefurahi kuwaona, simama upokee. Huko nako ni kupokea.

Unaweza kuniambia, dada, wamisionari wa zamani walikuwa majabali, hawakulialia Krismasi. Nani kakwambia? Daktari Albert Cook na muuguzi Katharine Timpson waliondoka Uingereza mwaka 1896, wakapanda kwa miguu kutoka pwani, wakafika Mengo Februari 1897. Fanya hesabu mwenyewe: Krismasi ile iliwakutia njiani. Hospitali ya Mengo unayopita kila siku ukienda sokoni ilianza mwaka huohuo wa 1897, na hao wawili walioana mwaka 1900. Tunapenda kukumbuka walivyotibu watu. Tunasahau kwamba kabla ya kumtibu mtu yeyote hapa, mizigo yao ilibebwa vichwani na wapagazi, na walikula njiani kwa kutegemea watu wa njiani. Walianza kwa kupokea.

Wala mmisionari si Mzungu peke yake. Mwaka huohuo wa 1896 Apolo Kivebulaya, mtu wa hapahapa Buganda, alikwenda Mboga, ambako leo ni Kongo, kupeleka Injili kwa watu wasio wa kabila lake. Alipigwa, alifungwa, akaendelea. Alikufa Mboga mwaka 1933, na aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa misitu ya Kongo ambako alikuwa bado anataka kazi isonge mbele. Huyu ndiye babu yako katika kazi hii. Ukijiona mdogo kwa sababu umetoka Singida na hukuja kwa ndege, mkumbuke yeye.

Sasa kuhusu watoto, hapa naomba uniangalie machoni. Kusini mwa Afrika kulikuwa na mama mmoja, Mary Livingstone, binti wa wamisionari wa Kuruman. Mwaka 1852 mumewe, yule David uliyemsoma shuleni, alimpandisha meli Cape Town pamoja na watoto wao wanne, waende Uingereza, yeye abaki na safari zake. Wale watoto walizaliwa Afrika. Walipelekwa mahali palipoitwa nyumbani, na hiyo nyumbani hawakuwahi kuiona. Huko mama yao akahangaika bila makao ya kudumu, na miaka kumi baadaye akafa kwa homa Shupanga, kando ya Zambezi, baada ya kurudi kumfuata mumewe. Sikusimulii ili umchukie Livingstone. Nakusimulia ili ujiulize: ninapowaambia watoto wangu "nyumbani", ninasema mahali wanapopajua, au ninawabebesha hamu yangu mimi?

Kwa sababu mtoto wako wa miaka minne, mdogo wangu, kwake nyumbani ni hapa. Ni udongo huu mwekundu, ni nsenene za kukaanga za Novemba, wale panzi ambao wewe huwezi kuwatia mdomoni na yeye anawatafuna kama njugu. Ukisema mbele yake kila siku, "Huku hakuna Krismasi, Krismasi iko kwetu," unamwambia kwamba furaha yake si ya kweli. Maneno hayo hayarudi. Lia, nakuruhusu kulia. Mwambie hata na yeye, "Mama amemkumbuka bibi, ndiyo maana analia." Mtoto anaelewa machozi yaliyopewa jina. Anayoogopa ni yale unayoyafuta haraka ukimkaripia kwa kosa ambalo hakulifanya.

Mpigie mama yako simu asubuhi ya Krismasi kabla ya ibada, usingoje usiku. Usiku utakuwa umechoka, yeye atakuwa amechoka, mtandao nao utakatakata, mtaishia kulia wote wawili bila kusemezana. Asubuhi sauti ni mpya. Waache watoto wamwimbie bibi yao, hata kama ni wimbo wa Kiganda asioujua. Na ukiulizwa unakuja lini, usitoe ahadi usiyokuwa na nauli yake. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam kwa basi kupitia Mutukula ni kulala njiani, na familia ya watu watano si mchezo. Mzazi aliyeahidiwa hukaa akitazama barabara.

Halafu mumeo. Najua kuna ibada ya mkesha, ya asubuhi, kutembelea wagonjwa, kisha mkesha wa mwaka mpya, na hapa Kampala huo wa mwaka mpya watu hukesha kwa maelfu. Mwenzako mmoja aliniambia watoto wake wanamwona baba yao Desemba kama wanavyomwona kwenye picha. Kaeni chini sasa hivi, na kalenda mkononi, mchague siku moja ambayo ni yenu. Inaweza kuwa tarehe 26, mapumziko bado yapo. Mwambie kwa upole lakini usimung'unye maneno. Waumini wakijua hata mchungaji ana siku ya watoto wake, na wao watajifunza kitu.

Pilau pika, sikukatazi! Mimi hupika kila mwaka, sufuria ndogo, na huibeba kwenda kwa Jjajja ikiwa imefunikwa kwa kanga. Wajukuu zake sasa wanaidai. Ila naipeleka kama mgeni anayebeba kitu mkononi, na nikifika nakaa pale ninapoonyeshwa, nala ninachopewa, na nikilemewa na shibe naaga kwa adabu mpaka nifungiwe matooke ya kurudi nayo.

Najua na wewe umealikwa mwaka huu. Uliniambia mwenyewe, yule mama wa duka la chini aliuliza, na wewe ukajibu "tutaona". Hiyo "tutaona" yetu naijua ilivyo, ni hapana iliyovaa hijabu. Wao wanaondoka alfajiri ya tarehe 24, na kabla ya hapo wanahesabu viti. Nenda dukani kwake leo jioni kabla hajafunga. Muulize wanaondoka saa ngapi, na umwambie watoto wako ni wangapi.