Uchanganuzi wa Faili za Data ya Kiswahili: Muundo wa Programu na Majaribio Yake

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wanaotumia kompyuta wamezoea kuhoji nadharia na sampuli, lakini ni nadra kuhoji programu inayoisoma data yao. Makala hii inadai kwamba programu ya kuchanganua faili ni sehemu ya mbinu za utafiti. Kwa hiyo haina budi kuundwa kwa namna inayoruhusu kila hatua yake kujaribiwa peke yake. Mfano mkuu unahusu msamiati wa biashara na majina ya mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam.

2.0 Kiini cha Tatizo

Tuchukulie kwamba mtafiti ameorodhesha bidhaa katika faili, kila mstari ukiwa na neno, bei na mtaa, vikitenganishwa kwa mkato:

ng'onda,2,500/=,Narung'ombe

Mstari huu una mitego miwili. Kwanza, mkato wa maelfu haupambanuliwi na mkato wa kutenganisha, hivyo zitapatikana sehemu nne badala ya tatu. Pili, ritifaa katika ng' ni sehemu ya tahajia ya nazali moja ya kaakaa laini, ilhali programu yaweza kuichukulia kuwa alama ya kunukuu na kumeza yote yaliyo kati ya ritifaa mbili. Kuifuta ritifaa si suluhisho, kwani kitenzi ng'oa kitageuka nomino ngoa, yenye maana ya tamaa au wivu. Maneno mawili yatahesabiwa kuwa moja, na programu itaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kosa la kimya kama hili huingia katika kamusi likiwa limevaa joho la takwimu.

3.0 Mgawanyo wa Kazi

Parnas (1972) alipendekeza kwamba kila sehemu ya programu ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika. Kwa msingi huo, tunapendekeza hatua tatu:

(a) Kusoma: kufungua faili na kutoa mistari.
(b) Kugawa: kupokea mstari, wala si jina la faili, na kurudisha sehemu zake.
(c) Kufasiri: kugeuza 2,500/= kuwa namba, au saa 2:00 asubuhi kuwa 08:00.

Hatua (b) na (c) zisiguse diski kabisa. Hata kichanganuzi cha mofolojia cha aina aliyoieleza Hurskainen (1992), kinachotumia mofolojia ya ngazi mbili ya Koskenniemi (1983), hutegemea maneno yaliyogawanywa sawasawa kabla ya kukifikia.

4.0 Majaribio

Kwa kuwa hatua (b) hupokea mstari tu, jaribio huhitaji mstari mmoja na jibu linalotarajiwa, lililoandikwa kabla ya kuendesha programu. Majaribio ya lazima ni haya:

(i) Narung'ombe ibaki neno moja, ritifaa ikiwa nyofu (') au iliyopinda (’).
(ii) ng'oa na ngoa zibaki maneno mawili.
(iii) Mstari wenye sehemu nne ukataliwe na namba yake itajwe, programu isikisie. Mtafiti ndiye atakayeamua kutumia nukta-mkato kuwa kitenganishi.

Kila kosa jipya linapogunduliwa, mstari uliolizua uongezwe katika majaribio ya kudumu.

5.0 Hitimisho

Idadi ya maneno inayotokana na programu isiyojaribika haithibitishi chochote kuhusu lugha. Inafaa, basi, tasnifu zinazotumia kompyuta ziambatishe majaribio ya programu kama zinavyoambatisha hojaji.