SOMO KWA WATUMISHI: NJIA YA KAZI INYOOSHWE KABLA YA KUINGIZWA KATIKA KOMPYUTA

Programu ya kusimamia taratibu za kazi hupeleka ombi la mwananchi kutoka meza moja hadi nyingine bila ya faili kubebwa mkononi. Hurikodi saa ya kupokelewa, huonesha ombi lilipo, na humkumbusha anayechelewa. Hata hivyo, programu haijui kama safari yenyewe ina haja. Ombi lililokuwa likisainiwa na watu wanane kwa kalamu litasainiwa na wanane hao hao kwa kompyuta, na mwananchi ataendelea kuambiwa arudi kesho.

Mfano wa kuzingatiwa ni wa kampuni ya magari ya Ford ya Marekani, ulioelezwa na Michael Hammer mwaka 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, idara yake ya malipo huko Amerika ya Kaskazini ilikuwa na watumishi zaidi ya 500. Wakuu walitaraji kwamba kompyuta zingewapunguza hadi 400. Walipoitazama kampuni ya Mazda ya Japani, walikuta kazi hiyo ikifanywa na watu 5. Mazda ilikuwa ndogo, lakini udogo wake haukutosha kueleza tofauti hiyo.

Ilibainika kwamba watumishi wa Ford walishinda wakilinganisha nyaraka tatu: hati ya kuagizia bidhaa, hati ya kupokelea na ankara ya muuzaji. Zilipohitilafiana, malipo yalikwama. Ford ikaacha kutumia ankara. Agizo liliandikwa mara moja katika kompyuta. Mpokeaji alipoona bidhaa zinalingana nalo alithibitisha, na hundi ikatolewa. Zisipolingana, zilirejeshwa. Watumishi wa kazi hiyo walipungua kwa asilimia 75. Faida hiyo ililetwa na hatua zilizoondolewa. Kompyuta iliziwezesha tu.

Kwa hivyo, ofisi inayotaka manufaa ya kudumu yafaa izingatie haya:

1. Ombi moja lifuatwe tangu masjala hadi jibu, na siku zake zihesabiwe kabla ya programu kununuliwa. Bila ya hesabu hiyo, maendeleo hayatajulikana.

2. Kila saini iulizwe sababu yake. Iliyowekwa na sheria ibaki mpaka sheria irekebishwe. Iliyowekwa na mazoea iondolewe.

3. Njia mpya ichorwe kwa alama za BPMN, zilizokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013, ili mchoro uweze kusomwa na wataalamu wengine mkataba wa muuzaji unapomalizika.

4. Awepo mtumishi mmoja mwenye dhamana ya njia nzima, atakayeipitia upya kila mwaka na kuwafunza wageni.

Watumishi watakaopumzishwa kulinganisha karatasi wanaweza kupelekwa dirishani, kuwasikiliza wananchi.

Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Programu nayo hufuata mkondo uliochimbwa na ofisi yenyewe.